Mwisho wa Nyika

Bibi Penrose wa Konwoli,
barua yako imefika. Ilizunguka kwanza
kwa Penrose fundi friji wa Bamburi, asiyefungua barua,
ikaletwa Kisauni na kijana wa duka la dawa
aliyeuliza mlangoni, "Huyu Mzungu anaishi humu?"
Nikamwambia, ndiye mimi, lete.

Umenichorea mti. Nimeutandaza mezani,
nikaubana pembe kwa kikombe, kibiriti na mawe mawili ya mizani.
Naona matawi yenu yametembea:
migodi ya bati ilipokauka mmoja akaenda Australia,
wawili Afrika Kusini, mwingine akafia melini
kabla ya kuijua nchi aendayo.
Pole. Hilo la melini tunalifahamu.
Ukingoni mwa karatasi umeandika Mombasa,
ukatia alama ya kuuliza,
na wataka kujua mimi ni tawi gani.

Bibi, mimi si tawi.
Babu yake baba alishushwa hapa na manowari
akiwa na miaka tisa, au saba, au kumi na moja;
aliyeandika alitazama meno.
Huko kwenu mwanamke wa jina lenu
alitoa kanisani pauni tano kwa mwaka
za kumlisha mtoto mmoja asiyemjua.
Padri, ili hesabu ikae sawa,
akambatiza mtoto kwa jina la risiti:
Absalomu Penrose.
Shati mbili, blanketi moja, jina moja.
Blanketi lilichakaa kwanza.

La kwao hakulitaja, au alilitaja wasiliandike.
Shangazi Kezia, aliyemuuguza, alisema
mzee alisali kwa Kiingereza, akagombana kwa Kiswahili,
ila akijikwaa usiku njia ya chooni
aliita "Amao!"
Miaka mingi baadaye kuli mmoja wa bandarini, Myao wa Tunduru,
ndiye aliyetwambia: ni mama.

Jina lenu limetuchosha.
Shuleni waliniita Peni, mara Waridi.
Karani wa pasipoti alitazama fomu, akanitazama mimi
kama mtu aliyeokota pochi.
Na tulipodai shamba alilolifyeka Absalomu lingali msitu,
bwana ardhi akaomba hati.
Jina tulipewa, hati hatukupewa.
Mpaka leo amelala ndani ya ua wa mtu.

Lakini barua yako ina jambo lililoninyima usingizi.
Unasema si waridi, watu hukosea;
ni maneno mawili ya lugha yenu ya kale
(kumbe nanyi mlipokonywa lugha):
mwisho, na nyika.

Nimelisoma kwa sauti, jikoni, peke yangu.
Maana hapa, Bibi, ukiupita mlima wa Rabai
nchi yote kavu inayopanda hadi Taru huitwa nyika,
na huko kusini alikotoka yeye kuna nyika nyingine
aliyotembezwa, shingo katika kongwa,
siku asizojua kuzihesabu,
hadi ikaisha akaona maji.
Aliyempa jina hakujua ampa nini.
Alimrudishia njia yake mwenyewe
kwa lugha isiyo yake, wala ya padri,
naye akaibeba miaka sabini bila kuisikia.

Basi alama ya kuuliza usiifute.
Chora mti wa pili kando ya wenu,
usiuunge kwa mstari wa damu, tumia nukta tu, kwa penseli.
Na penye nafasi ya mama yake Absalomu
andika Amao, herufi nne, kwa wino.

Posta wameniuliza jina la mtumaji.
Nikalitaja. Karani, kijana mwenye haraka,
akaandika Peni, akaruka nafasi, akaandika Rozi.
Sikumsahihisha.
Ndivyo lilivyoanza.